Mteja wako anatafuta omena, wewe umeandika nini?

Asanteni. Mama aliyeketi karibu na dirisha ameniomba nipaze sauti, nami nitapaza. Jambo hili, kwamba tovuti iandikwe kwa maneno anayoyatumia mteja, nimelisema hapa Kisumu mara nyingi, wengine wenu mnalijua kabla sijafungua kinywa, na bado tovuti zenu zinaanza na "Karibu katika tovuti yetu". Basi nitalisema tena.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama tovuti ya kikundi kinachouza omena, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mzigo wao ulikuwa safi, umeanikwa juu ya nyavu, hauna chembe ya mchanga. Lakini simu zilikuwa haziingii. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Aya ya kwanza: wao ni "wasambazaji mashuhuri wa mazao bora ya majini". Ya pili, dira. Ya tatu, dhamira. Nikalitafuta neno omena ukurasa mzima. Halimo! Hata mara moja. Nikawauliza, mteja akipiga simu huwa anasemaje? Wakajibu kwa pamoja: "Mko na omena? Gunia ni ngapi?" Nikawaambia hiyo ndiyo aya yenu ya kwanza.

Tukaandika upya. Omena wa kula na wa kulishia kuku, kwa gunia au kwa kopo la gorogoro, bei ni hii, tunatuma kwa basi hadi Nakuru, Eldoret na Nairobi. Halafu mmoja wao akataja kwamba wangependa pia wateja wa ng'ambo ya mpaka wa Busia, huko Uganda. Hapo tukakaa jioni nzima. Ziwa ni lile lile, samaki ni yule yule, lakini huku ni omena, Mwanza ni dagaa, Uganda ni mukene. Mbuta wetu, Tanzania ni sangara. Ngege wetu ni sato. Mtu wa Jinja akishika simu yake haandiki omena. Anaandika mukene, na ukurasa usio na neno hilo unamwachia Google kazi ya kukisia. Siku hizi Google inajitahidi kuelewa maana, nakubali, lakini kwa nini riziki yako uiweke kwenye kukisia? Tukaongeza sentensi moja tu: omena, wanaoitwa dagaa Tanzania na mukene Uganda. Baada ya wiki kadhaa simu ikaingia kutoka Uganda, na aliyepiga aliuliza mukene.

Kuna kijana hapo nyuma namwona anataka kuniuliza: basi nirudie omena mara hamsini? Hapana, hapana. Mwaka 2009 Google walitangaza waziwazi kwamba ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa hawaitumii kupanga matokeo. Mwaka 2011 wakaleta badiliko la kupanga matokeo lililoitwa Panda, na kurasa nyingi zisizo na kitu ndani zikashushwa. Kusheheneza neno moja hadi sentensi ikose pumzi kumo katika mambo wanayoyakataza. Anayekuuzia leo "maneno mia ya siri" anakuuzia nguo iliyoliwa na mende. Iseme omena pale ambapo ungeisema ukiongea na mtu, basi.

Mwingine ataniambia, mwalimu, na adabu je? Mgeni si lazima akaribishwe? Mimi pia nimelelewa hivyo. Lakini mtazameni mama wa soko la Kibuye anavyokaribisha. Anachota omena kwa kiganja, anakuonyesha, anataja bei. Mteja ameheshimiwa. Sasa huyo mtu wa bando ya shilingi ishirini, amesimama Kondele akingoja matatu, unampa aya tatu za dira? Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walipitisha macho tu juu ya ukurasa mpya. Waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Na hao walikuwa wameketi mbele ya kompyuta, hawakuwa stendi!

Naonyeshwa saa, kwa hiyo haya nitayataja mbio. Kichwa cha ukurasa kisiwe "Nyumbani". Kiwe "Omena wa jumla Kisumu, bei ya gunia". Picha zipunguzwe uzito, maana picha nzito inakula bando ya mteja kabla hajaona bei, na kila picha iandikiwe maelezo, kwa sababu asiyeona anasomewa na simu yake. Google hutazama kwanza ukurasa wako unavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo uukague hapo. Kuna chombo chao cha bure, Search Console, kinachokuonyesha watu waliandika maneno gani hadi tovuti yako ikatokea. Kifungueni. Bei ikipanda, ibadilishe siku hiyo hiyo. Viungo vya kubofya vinavyomleta mtu kwako kutoka tovuti za wengine nilikuwa nimepanga kuvieleza, naviacha, vinataka siku yake.

Dakika iliyobaki naitaka kwa jambo moja. Mama wa pale dirishani, tafadhali fungua tovuti yako hapo kwenye simu. Tusomee mstari wa kwanza. Kisha utuambie mteja wako wa mwisho alipopiga simu, neno lake la kwanza lilikuwa lipi.