Liko Kwenye Kabati la Wageni

NEEMA: Umesharekodi?

ELIA: Kitambo. Watu wameshakusikia unavyotafuna.

NEEMA: Karanga si dhambi. Haya, karibuni, ni sisi wale wale, Moshi ile ile, na baridi ya Julai imeshika hasa. Elia kavaa lile koti.

ELIA: Koti tuliache. Leo ni gemu za kutisha na watoto. Nimeandika mambo matatu ya mzazi kuzingatia, karatasi hii hapa, na safari hii lazima tuyafikie.

NEEMA: Tutayafikia. Ila kwanza niwape ya Jumatano.

ELIA: Nilijua tu.

NEEMA: Nilipanda Kibosho kwa mama. Baraka, mtoto wa kaka, ana miaka 12 sasa, akanivuta: shangazi, njoo ucheze hii. Inaitwa Among the Sleep, wameitengeneza Wanorwe, Krillbite Studio, ikatoka 2014. Humo ndani wewe ni mtoto wa miaka miwili.

ELIA: Miwili? Anapambana na nini huyo, nepi?

NEEMA: Sikiliza. Kila kitu unakiona kutoka chini. Meza ni kama dari. Kitasa cha mlango hukifikii mpaka uburute kitu upandie. Una dubu wa kitambaa anayeongea, na ukimkumbatia anatoa mwanga. Hiyo ndiyo tochi yako. Silaha huna. Zimwi likija unaingia uvunguni au kabatini, unatulia tuli.

ELIA: Na ulikuwa unacheza saa ngapi?

NEEMA: Saa nne usiku.

ELIA: Kibosho! Na perere wale!

NEEMA: Aisee, perere. Asiyemjua: ni kamnyama kadogo, ukubwa wa sungura hivi, kanakaa juu mtini, lakini kakilia usiku utadhani mtu anakabwa. Halafu mabati nayo yanapoa, tak! tak! Mimi nimekulia pale, lakini nilikuwa nimemkumbatia Baraka kama ndiye dubu.

ELIA: Kutafuta mwanga.

NEEMA: Umeme ukakatika. Kompyuta ina chaji, tukaendelea. Kwenye gemu tuko chini ya meza, zimwi linapita, tunaona miguu tu. Mara umeme ukarudi, na nyuma yetu, sebuleni, kwenye kabati: *kli-kli-kli-kli.* Baraka akasema, "Shangazi, liko kwenye kabati la wageni."

ELIA: Yesu na Maria.

NEEMA: Tukaingia chini ya meza. Ya kweli sasa. Mwanamke wa miaka 34, nina mkopo benki, niko chini ya meza.

ELIA: Ilikuwa nini?

NEEMA: Friji! Umeme uliporudi mota ikaanza kutetema, na kabati limeegemea friji, basi sahani zikawa zinagongana. Lakini hilo tulilijua asubuhi. Usiku ule ulifunguka mlango wa chumbani, tukaona miguu inakuja, kandambili, na sauti: "NANI ANAGUSA VYOMBO VYA WAGENI?"

ELIA: (anacheka) Lenyewe hilo!

NEEMA: Baraka hakutishwa na la Norwe hata kidogo. Lile la kandambili ndilo lililomtoa machozi.

ELIA: Ngoja, ngoja. Vile vyombo bado vipo? Vile vya maua ya bluu?

NEEMA: Tangu 1998. Kimoja kina stika ya bei.

ELIA: Na huyo mgeni ni nani? Maana mimi kwenu nimekuja mara ishirini, nakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki chenye alama ya meno.

NEEMA: Wewe si mgeni, wewe ni Elia.

ELIA: Padri?

NEEMA: Padri alipewa vikombe vya kawaida. Mama alisema padri ni mwenyeji kila mahali.

ELIA: Wakwe walipoleta posa ya dada yako?

NEEMA: Sahani za kukodi.

ELIA: Basi mgeni hajazaliwa. Hapo naanza kuelewa kwa nini mtoto anaamini mle kuna zimwi. Kabati halijafunguliwa miaka yote hiyo!

NEEMA: Linafunguliwa. Krismasi, kufutwa vumbi. Na hapo hatuvuti hata pumzi.

ELIA: Sawa, turudi kwenye mada. Jambo la kwanza kwa mzazi—

NEEMA: Subiri, kabla ya hapo. Wewe uliniambia kwenye simu hiyo gemu haifai. Sema hapa.

ELIA: Nasema. Hainikeri kutisha, inanikeri kumwacha mtoto mikono mitupu. Chukua Luigi's Mansion, ile ya Nintendo ya 2001. Nyumba imejaa mizimu, jamaa mwenyewe anatetemeka, lakini ana tochi na ana mashine ya kufyonzea vumbi. Anaumulika mzimu, unashtuka, anaufyonza. Unacheka. Mtoto anaenda kulala akijua kitu kinachotisha kina dawa yake.

NEEMA: Mashine ya kufyonzea vumbi. Kibosho.

ELIA: Basi fagio la chelewa! Hata fagio! Mpe kitu ashike.

NEEMA: Fagio la chelewa kwetu analo zimwi, Elia. Mtoto ndiye anayekimbia.

ELIA: Unaona sasa unaleta utani.

NEEMA: Sileti. Mtoto wa miaka miwili hapigani na mtu. Anajificha, anasikiliza miguu ya nani ile. Hiyo gemu ndiyo ya kwanza niliyoona inasema ukweli huo. Mwisho wake sisemi, lakini zimwi lile halikutoka porini. Ukimpa mashine ya kufyonza, unamdanganya.

ELIA: Kumfariji si kumdanganya. Mimi bibi alikuwa ananiambia nikitoka nje usiku mumiani watanichukua, watanyonya damu. Sikuwa na fagio wala dubu. Nililowesha kitanda mpaka darasa la tatu. Hakuna ukweli wowote niliojifunza pale, nilijifunza kufua shuka kimyakimya.

NEEMA: ...Hukuwahi kusema hiyo.

ELIA: Nimesema leo.

NEEMA: Pole. Lakini bibi yako alikudanganya kuhusu mumiani. Hiyo si gemu yangu, hiyo ni Luigi ya kinyume.

ELIA: Ni ile ile. Mtoto, giza, na hakuna cha kufanya.

NEEMA: Kuna cha kufanya. Kujificha ni kitu.

ELIA: Si kitu.

NEEMA: Ni kitu.

ELIA: Kula karanga zako.

NEEMA: Nakula. (kimya) Hivi tukitengeneza yetu? Moshi.

ELIA: Mtoto ana fagio.

NEEMA: Hana fagio. Mtoto ana kiu. Saa nane usiku. Glasi zote zimo kwenye ndoo, hazijaoshwa.

ELIA: Imebaki moja tu. Kabatini.

NEEMA: Yenye maua ya bluu. Na ufunguo uko chini ya kile kitambaa cha kufuma juu ya friji.

ELIA: Lazima apande kiti. Friji inanguruma. Perere analia. Akivunja kikombe?

NEEMA: Gemu imeisha. Hata kuanza upya hakuna, unapelekwa kuishi kwa shangazi.

ELIA: Na hatua ya mwisho kabisa, mgeni mwenyewe anafika. Mlango unagongwa. Mama anatoa vyombo vyote, mikono inatetemeka, anapanga meza...

NEEMA: Mgeni anasema, "Asante, nimeshakula."

ELIA: (anacheka mpaka anakohoa) Mama anavirudisha!

NEEMA: Mpaka 2050!

ELIA: Neema, asilimia nne.

NEEMA: Za nini?

ELIA: Chaji ya kinasa. Karatasi yangu hii hapa, haijakunjuliwa. Jambo la kwanza, mzazi acheze naye—

NEEMA: Wiki ijayo.

ELIA: Wiki iliyopita pia ulisema wiki ijayo. Ni karatasi ile ile, ina alama ya chai.

NEEMA: Ya kikombe cha plastiki?

ELIA: Cha plastiki, ndiyo. Na nataka nirekodi kwamba sijakubali ile ya kujifi—