Tone Linatoka Msituni

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Walionisikia mara nyingine wanajua nitaanzia wapi, na nitaanzia hapo hapo.

Hiki mkononi mwangu ni kipande cha jiwe, sentimita saba. Kimetoka mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga. Tulivuka mpaka pale Lunga Lunga, watu kumi na watatu kutoka Nairobi, tukampata mzee wa kututembeza. Ndani ni giza la kumeza mkono wako mwenyewe. Mzee akasema mara tatu: tazameni, msiguse. Tulipofika penye stalaktiti, yale mawe yanayoning'inia darini, nikasikia "ka!" nyuma yangu. Kijana mmoja wetu alikuwa amevunja ncha ya mojawapo. Alitaka kumpelekea mama yake zawadi.

Hakuna aliyesema neno. Mzee alikichukua, akamulika kwa kurunzi pale kilipokatika, na tone la maji likaanguka kwenye kidole chake. Nikamwomba radhi kwa niaba yetu sote, nikauliza kama kinaweza kurudishwa. Akaniambia, "Mwalimu, hiki hakigandishwi. Nenda nacho kwenu, kawaonyeshe." Basi ndiyo maana nawaonyesha kila mwaka, na nitaendelea.

Fanyeni hesabu nami. Jiwe la namna hii hukua kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, na mara nyingi pungufu ya hapo. Sentimita saba, kwa kasi hiyo, ni miaka 700. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Kidole hiki cha jiwe kilikuwa tayari kinaota gizani. Kijana wetu alimaliza kazi hiyo yote kwa nukta moja. Na msidhani mwenye kugusa tu yuko salama: mafuta ya kiganja yakibaki juu ya jiwe, maji hayashiki tena vizuri, na ukuaji unaharibika. Kipitisheni. Kikifika nyuma, kirudi.

Sasa ninalolitaka hasa. Lile tone lililoanguka kidoleni mwa mzee lilitoka wapi? Juu ya pango kuna miti. Mvua inaposhuka huokota kaboni dioksidi kidogo hewani, lakini shehena yenyewe inaipata udongoni, mahali mizizi inapumua na majani yanaoza. Maji yanakuwa na ukali mdogo, mdogo kuliko wa ndimu, nao unatosha kulainisha jiwe la chokaa na kulibeba. Yakitokeza kwenye dari la pango, ile kaboni dioksidi inaponyoka, na chokaa isiyobebeka tena inabaki pale, utando juu ya utando. Kwa hiyo ukifyeka msitu wa juu unabadilisha maji ya chini. Udongo nao, ukikosa mizizi ya kuushika, unateremka na kuziba matundu. Nasikia watu wanasema "tulienda kuona pango", kana kwamba msitu ulikuwa njia tu ya kupitia! Msitu ndio unaolijenga.

Kuna atakayeniuliza: si mapango tunayo hapa Nairobi, msitu wa Karura, ya nini kusafiri? Karura naiheshimu, Wangari Maathai alipigwa pale Januari 1999 akiutetea msitu ule. Ila mapango yake ni ya miamba ya volkeno. Ya mlima Suswa vilevile: lava, mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilipita, ikaacha njia tupu. Hayakuchongwa na maji tone kwa tone. Mwingine atasema saruji nayo inatokana na chokaa, na ukumbi huu umejengwa kwa saruji. Kweli. Sikatazi mtu kujenga. Nakataa kilima chenye pango na msitu wake kuhesabiwa kama rundo la malighafi tu.

Tazameni Panga ya Saidi, kule Kilifi. Ardhini mwa pango lile watafiti walikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa imelika mno, ikafungwa pamoja na udongo wake ndani ya plasta, ikaletwa hapa Nairobi, Makumbusho ya Taifa, kisha ikapelekwa Burgos, Hispania, kuchambuliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Walimwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa inaonekana kiliwekewa kitu cha kukiegemeza, mfano wa mto. Mtu fulani alimlaza kwa upole. Kila nikifika hapo sauti yangu hubadilika, mnisamehe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani: UNESCO iliyaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, na wazee wa Kimijikenda waliyalinda kabla ya orodha yoyote. Ukienda Kaya Kinondo utafungwa kitambaa cheusi, fungwa, usibishane. Popo: msiwapigie kelele, msiwamulike usoni. Wapo wanaochavusha maua ya mbuyu usiku, na nilitaka kuwaeleza kwa urefu, basi.

Wanaokuja safari ya mwezi ujao: viatu vya kushika, kurunzi mbili kwa kila mtu, na betri za akiba. Mishumaa hapana, mienge hapana, moshi unabaki ukutani. Watoto watashikwa mkono na mtu mzima.

Kile kipande kimefika wapi? Mama, wewe wa safu ya mwisho, kirudishe mbele tafadhali. Maswali tutaanza na lako.