Kabla Hujaizika Diski, Isikilize Draiva
Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta na wanafunzi, Chumbageni, Tanga

Shikamooni wakubwa mliomo humu, na vijana wenzangu, hamjambo? Naona mafundi wa Ngamiani mmekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama watu mliokwishapanga kutoroka. Sogeeni, maana leo nina neno nanyi kuliko hawa wanafunzi.

Neno lenyewe ni hili: tunazika diski zikiwa hai. Mteja analeta mashine, haiwaki, au inawaka halafu inaganda. Fundi anaitoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine, haionekani, na hukumu inatoka hapo hapo: "Mama, hii imekufa, nunua nyingine." Picha za harusi, hesabu za duka, tasnifu ya mtoto wa chuo, vyote vinaishia kwenye boksi la vyuma chakavu. Na muda wote huo draiva ya diski, ile programu ya kuzungumza nayo, ilikuwa inaandika kila kilichotokea, mstari kwa mstari, na sekunde zake. Hakuna aliyesoma.

Tuelewane kwanza nani anafanya nini. Programu unayoitumia, iwe ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu, haijawahi kuigusa diski hata siku moja. Haijui kama ni sahani inayozunguka au ni chipu. Kazi yake ni kuiomba kerneli, ule moyo wa mfumo endeshi: nipe faili fulani. Kutoka hapo ombi linashuka. Mfumo wa mafaili unatazama faili limelala kwenye bloku zipi. Tabaka la bloku linayapanga maombi kwenye foleni, na yaliyo jirani linayaunganisha yawe moja. Chini kabisa ndiyo draiva, na ni hiyo peke yake inayojua kuzungumza na kidhibiti kilicho kwenye ubao mama: rejista ipi iandikwe nini, jibu likija lisomwe wapi, na lisipokuja ifanyeje.

Ndiyo maana bila draiva diski haipo, hata uwe umeishika mkononi. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki wakati huo, alipoutangazia ulimwengu mfumo wake mdogo, uliokuja kuitwa Linux, aliandika kwamba huenda usije kukubali diski nyingine zaidi ya zile za AT, yaani za kompyuta za aina ya IBM PC/AT, kwani hizo ndizo alizokuwa nazo. Unacheka, lakini ndiyo hali halisi ya kazi hii: draiva huandikwa kwa ajili ya kifaa kilicho mezani pa mtu. Leo zaidi ya nusu ya msimbo wote wa Linux ni draiva. Na ndiko makosa yanakojificha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2001 ulikuta kiwango cha makosa kwenye draiva za Linux kinafika mara 3 hadi 7 ya sehemu nyingine za kerneli. Sishangai. Msimbo wa kupanga foleni hutumiwa na kila mtu kila dakika, kosa likiwepo litaonekana tu. Draiva ya kidhibiti kimoja cha ajabu ajabu huenda ina watumiaji wachache sana, na nusu yao hawajui kulalamika wakalalamike wapi.

Sasa, kerneli haibebi draiva zote hizo kumbukumbuni. Nyingi hukaa pembeni kama moduli, zinaitwa kifaa kikionekana na zinaweza kuondolewa kisipohitajika tena. Watu wa Tanga mnasema waja leo waondoka leo. Moduli nazo ni hivyo hivyo. (Kicheko.) Isipokuwa moja. Moduli ya diski yenye mfumo wenyewe haiondoki, na kuja kwake kuna kitendawili: moduli imehifadhiwa kama faili ndani ya diski, na diski haisomeki mpaka moduli iwepo. Utatokaje hapo?

Linux imelitatua kwa initramfs, furushi dogo la mafaili ambalo kipakizi, programu ndogo inayoipakia kerneli, hulisoma kikisaidiwa na programu ya ubao mama, halafu hulikabidhi kumbukumbuni pamoja na kerneli. Ndani ya furushi mna moduli za kutosha kuifikia diski. Kama furushi halikupakiwa, au moduli sahihi haimo, kerneli itawaka vizuri, itatafuta mzizi wa mfumo, itaukosa, na itasimama. Yale maandishi meupe yanayotaja unknown-block(0,0) mmeyaona wengi humu. Hayasemi diski imekufa. Yanasema: sina njia ya kuifikia.

Lini hutokea? Ukihamisha diski kutoka mashine moja kwenda nyingine yenye kidhibiti tofauti. Debian, moja ya matoleo ya Linux, kwa kawaida hufungasha moduli nyingi kwenye furushi, kwa hiyo mara nyingi unapona. Fedora na jamaa zake hufungasha za mashine ile ile tu, ndiyo maana kwenye orodha ya kuwashia wameacha chaguo la uokozi ambalo furushi lake ni la jumla. Ingia kwa hilo, piga dracut -f --regenerate-all, washa upya, umemaliza. Kwenye Debian na Ubuntu ni update-initramfs -u. Kazi ya dakika chache, na nimewahi kuona mteja akitozwa bei ya diski mpya kwa ajili yake.

Windows ina ugonjwa huo huo kwa sura nyingine: skrini ya bluu yenye namba 0x7B. Mtu ameingia kwenye mipangilio ya ubao mama akabadili kidhibiti kutoka hali moja kwenda AHCI, hali ya kisasa ya kuzungumza na diski za SATA, au betri ya ubao imeisha na mipangilio ikarudi ilivyotoka kiwandani. Windows ilikwishazoea draiva moja na ile nyingine haijaiweka kwenye zile zinazoamshwa mapema. Dawa yake siyo kupiga Windows upya. Irudishe hali ya zamani, iwake, iambie iwake kwa hali salama kwa amri ya bcdedit, kisha badili kidhibiti. Kwenye hali salama huamsha draiva za msingi za diski, inaitambua mpya, na kuanzia hapo unaondoa hali salama na maisha yanaendelea.

Majina ya diski nitayapitia haraka. Zamani diski za IDE, aina iliyoitangulia SATA, ziliitwa hda, hdb. Draiva zile za zamani zilikwishaondolewa, toleo la 5.14 la mwaka 2021 halinazo tena, na diski za SATA zote hupita mlango wa SCSI, sehemu nyingine ya kerneli, na kuitwa sda, sdb. Kosa ni kudhani sda ni jina la diski. Ni namba ya foleni tu: aliyewahi kutambuliwa ndiye wa kwanza. Chomeka flashi kabla ya kuwasha na mpangilio unaweza kugeuka. Kwenye fstab, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, andika UUID, kitambulisho kisichobadilika na foleni, utaipata kwa blkid, na kwa diski isiyo ya lazima ongeza nofail, la sivyo siku isipokuwepo mashine itaisubiri sekunde 90 kisha ikutupe kwenye hali ya dharura.

Hapa sasa nataka tukae. Mzee wangu hapo mbele, naomba utazame skrini. Hii ni dmesg, daftari la ujumbe wa kerneli, ya mashine iliyokuwa inaganda. Draiva ilituma amri ya kusoma. Kerneli ikaanza kuhesabu. Kwa kawaida hutoa sekunde 30. Jibu halikuja. Draiva ikaandika kwamba amri imeshindwa, ikayakata mawasiliano na kidhibiti na kuyaanzisha upya, kiungo kikarudi kwa 6.0 Gbps. Ikajaribu tena, ikashindwa, mwisho ikaamua kupunguza kasi hadi 3.0. Mteja kwake yote hayo ni kitu kimoja: "kompyuta inaganda."

Tazama neno lililo ndani ya mabano ya kosa. Likiwa UNC, diski yenyewe imekiri kuwa imesoma sekta, yaani kijisehemu chake kimoja, na haikuweza kuirekebisha. Hapo ugonjwa uko kwenye diski, na kila dakika unayoendelea kuiwasha unapoteza. Acha majaribio, nakili unachoweza. Lakini likiwa ICRC, maana yake ni tofauti kabisa: data iliharibika njiani, kati ya diski na ubao. Tazama waya. Tazama soketi. Hapa kwetu hewa ya chumvi inapanda kutoka baharini mwaka mzima, na kiduka kilichoko upande wa Raskazoni madirisha wazi hakina ujanja. Pini zinaota ukungu wa kijani. Badilisha waya, safisha pini, na diski "iliyokufa" inafufuka.

Ukitaka kuthibitisha, smartctl, programu inayosoma kumbukumbu za afya za diski yenyewe. Sifa namba 5 na 197 ni za sekta zilizohamishwa na zinazosubiri hukumu. Zikipanda, diski inaumwa. Namba 199 ni makosa ya njiani. Ikipanda yenyewe huku zile mbili ziko sifuri, ushike waya kabla hujamshika mteja mfuko. Hesabu ya 199 hairudi nyuma hata ukibadili waya, kwa hiyo andika ilikuwa ngapi, rudi kesho utazame kama imesogea.

Na zile sekunde 30 zina fitina yake. Diski nyingi za mezani zikikutana na sekta mbovu huhangaika nayo zenyewe, wakati mwingine zaidi ya dakika. Kerneli haina subira hiyo. Inaikata katikati ya jitihada, diski inaanza upya, kerneli inakata tena. Wawili hao wakiachwa wataendelea hivyo mpaka umeme ukatike. Diski inayokubali, iambie iachane na sekta baada ya sekunde 7 kwa smartctl -l scterc,70,70. Isiyokubali, iongezee kerneli muda: faili lipo /sys/block/sda/device/timeout, weka 180. Kwenye mashine zenye diski kadhaa zilizofungwa pamoja kwa RAID, jambo hili peke yake limewatoa watu diski nzima kwenye kundi kwa sababu ya sekta moja.

Diski za ndani ya kasha la USB nazo zina lao. Kati yako na diski kuna chipu ya kutafsiri, na baadhi ya chipu hizo huionyesha diski kwa sekta za baiti 4096 ilhali yenyewe huzitoa kwa 512. Kasha likiharibika, fundi anaitoa diski na kuifunga moja kwa moja kwenye SATA. Jedwali la vipande halisomeki, Windows inauliza kama iiandae upya. Ukijibu ndiyo hapo, umeua mtu. Tafuta kasha la aina ile ile.

Umeme sasa, maana najua mtauliza. Wazee wa bandari hapa wanakumbuka enzi za matishari, kabla gati halijaongezwa kina: meli inatia nanga huko mbali, mzigo unashushwa kwenye tishari, nahodha anasema nimeshusha, lakini mzigo bado uko juu ya maji. Kuandika faili ndivyo kulivyo. Programu inaambiwa "tayari" data ikiwa bado kumbukumbuni, na Linux inaweza kuiacha huko kwa takriban sekunde 30 kabla ya kuisukuma. Ikisukumwa inaingia kwenye kumbukumbu ya diski yenyewe, kituo kingine kabla ya nchi kavu. Programu makini, kama za hifadhidata, hazikubali hilo. Zinaita fsync, ombi la kuandika sasa hivi, na draiva inatuma amri ya kumwaga, na haijibu mpaka diski iseme imeandika kweli. Ndiyo maana hesabu za duka zinazotumia hifadhidata nzuri hustahimili umeme kukatika, na zile za faili la kawaida huharibika. Windows tangu toleo la 1809 la Windows 10 imeziweka flashi kwenye hali ya kuchomolewa haraka, lakini kwenye Linux mwenye kuchomoa bila kuaga anajitakia.

Diski za NVMe, zile za chipu zenye kasi kubwa, siwezi kuziacha, japo kwa ufupi. Kidhibiti cha AHCI kina foleni moja ya amri 32 kwa kila diski. NVMe inaruhusu foleni hadi 65,535, kila moja na amri hadi 65,536. Kerneli ya zamani ilikuwa na kufuli moja ya foleni ambayo viini vyote vya prosesa viligombania; diski ikawa ya kasi kuliko mlango wake. Toleo la 3.13 la mwaka 2014 likaleta tabaka la foleni nyingi, na toleo la 5.0 la 2019 likalitupa la zamani. Ule upangaji wa maombi uliobuniwa kwa ajili ya kichwa cha kusomea kinachotembea, kwa NVMe mara nyingi umezimwa kabisa, na ndivyo inavyofaa.

Ndiyo, dada, uliza. Anasema amenunuliwa laptopu mpya, anaweka Windows, kisakinishi kinasema hakuna diski. Ni ya Intel kizazi cha 11 au zaidi? Basi mara nyingi diski ipo, imefichwa nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD ambacho kisakinishi hakina draiva yake. Pakua draiva ya Intel RST ya mashine hiyo, itoe kwenye zipu, iweke kwenye flashi, na kwenye ukurasa ule ule wa kuchagua diski bonyeza sehemu ya kupakia draiva. Unaweza pia kuizima VMD kwenye mipangilio ya ubao, lakini kama ndani mna Windows ya mwenyewe unayotaka kuihifadhi, usiizime: utaipata ile 0x7B. Fungua hiyo laptopu hapa mezani, flashi ninayo.