Wanunuzi Wawili, Jibu Moja

Walimu wangu, wanafunzi wa famasia, na nyinyi ndugu zangu mliotoka kazini mkaja hapa moja kwa moja, ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa nchi katika kutathmini na kulipia dawa mpya. Mada ni pana mno, kwa hiyo nitaibana. Nitakaa Ubelgiji na Uholanzi, kwa sababu huko jambo hili lilijaribiwa, likashindikana, kisha likajaribiwa tena.

Aprili 2015 mawaziri wa afya wa nchi hizo mbili walikubaliana kushughulikia pamoja dawa ghali za magonjwa adimu. Luxembourg ikaingia mwaka huohuo, Austria 2016, Ireland 2018. Umoja huo unaitwa Beneluxa. Kazi zao ni kuchungulia mapema dawa zinazokuja, kupeana taarifa, kutathmini pamoja na kujadiliana bei pamoja. Hizo tatu za mwanzo sitazichambua. Ni kazi za wataalamu na makabrasha, na wataalamu huwa wanaelewana. Patashika iko kwenye bei.

Jaribio la mwanzo lililovuma lilikuwa la Orkambi, dawa ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito mapafuni. Nchi mbili zikakaa meza moja na kampuni ya Vertex. Mwaka 2017 mazungumzo yakavunjika. Mwaka huohuo, haujaisha, Uholanzi ikafikia makubaliano yake peke yake, na Ubelgiji ikabaki mikono mitupu. Haya si mageni kwenu. Mkienda Kariakoo wawili mkaikataa bei kwa pamoja, muuzaji hababaiki ikiwa anajua mmoja wenu atarudi jioni kinyemela. Simlaumu waziri wa Uholanzi. Ana wagonjwa wake, ana bunge linalomhoji. Ila kampuni zote zilikuwa zinatazama.

Ndipo ikaja Spinraza. Ni dawa ya kampuni ya Biogen kwa watoto ambao mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo inakufa, misuli inalegea, na walio na hali mbaya zaidi hushindwa hata kupumua. Hudungwa kwenye uti wa mgongo, mara sita mwaka wa kwanza, kisha kila baada ya miezi minne maisha yote. Kichupa kimoja Uholanzi kiliorodheshwa kwa euro 83,300, yaani bei inayotangazwa kabla ya punguzo lolote. Pigeni hesabu: karibu nusu milioni mwaka wa kwanza, robo milioni kila mwaka unaofuata, kwa mgonjwa mmoja.

Taasisi ya Uholanzi inayotathmini huduma za bima ya afya ilitoa ushauri ambao mimi naupenda kwa ukavu wake: dawa inasaidia, lakini bei ishuke kwa angalau asilimia 85. Hawakusema "bei ni kubwa", maana hilo hata mpita njia anaweza kulisema. Walitaja kiwango, na hesabu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Safari hii nchi mbili zilishikilia jibu moja, na Julai 2018 mapatano yakapatikana kwa zote mbili. Kila nchi ilisaini mkataba wake, kwa kuwa fedha zinatoka mifuko tofauti na sheria ni tofauti, lakini mazungumzo yalikuwa mamoja.

Niseme jambo kando kidogo. Watu wa Ubelgiji na Uholanzi ukiwajumlisha hawafiki nusu ya Watanzania waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hauitishi kampuni. Kinachoitisha ni mnunuzi mwenye fedha za uhakika ambaye pia anaweza kusema hapana.

Kusema hapana kuna machungu yake. Mwaka 2019 Wabelgiji walichangishana kwa SMS, euro mbili mbili, zikapatikana takriban milioni mbili kumnunulia mtoto mmoja Zolgensma, dawa ya ugonjwa uleule wa Spinraza, ila hii hutolewa mara moja tu. Sisi wa michango ya WhatsApp tunaelewa. Ila mchango wa namna hiyo humwambia muuzaji kwamba bei yake inalipika. Mwaka 2021 Ubelgiji, Uholanzi na Ireland zilifikia mapatano ya pamoja juu ya dawa hiyo. Mwaka 2023 nchi hizohizo zilimaliza duru ya mazungumzo kuhusu Libmeldy, dawa ya ugonjwa mwingine adimu wa kurithi unaopata watoto, bila mapatano. Uingereza dawa hiyo iliorodheshwa kwa pauni milioni 2.8.

Sasa, punguzo la Spinraza lilikuwa kiasi gani hasa? Ni siri ya mkataba. Hapa ndipo ninapogombana na Beneluxa: wamepata nafuu yao, lakini nchi ya tatu ikienda kesho kujadiliana inaanza na ile bei ya orodha, gizani. Mei 2019 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuhimiza uwazi wa bei halisi. Italia ndiyo iliyolianzisha, na Uganda na Kenya zilikuwa miongoni mwa waliolidhamini. Uingereza na Ujerumani zilijitenga nalo.

Kwetu, ushirikiano uliokomaa zaidi ni wa usajili: wakaguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kusoma faili la dawa pamoja. Kazi nzuri, lakini inajibu swali la ubora na usalama, haigusi bei. Kwa upande wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Bohari ya Dawa ya Tanzania ilikabidhiwa jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja. Mliopo hapa mnaofanya zabuni, mkirudi ofisini fungueni mkataba wowote wa dawa ghali mtafute kifungu cha usiri. Someni kama kinawaruhusu kumwambia mwenzenu wa Lusaka au Lilongwe mlichokilipa. Kama hakiruhusu, ulizeni nani alikikubali, na alipewa nini.