Nani Apewe Mashine? Mhadhara Kuhusu Hesabu ya Matokeo

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaojiandaa kutoroka: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nilinganishe nadharia za maadili. Wengi mlitarajia nianze na lile gari la reli lililokosa breki, ambapo lazima uchague liue mtu mmoja au watano, mfano ulioletwa na mwanafalsafa Philippa Foot mwaka 1967. Sitaanza nalo. Mfano ule unamzoesha mwanafunzi kudhani kwamba namba zote amekwishapewa, kazi yake ni kuvuta mtaimbo tu. Naomba tuzungumzie mashine ya kusafisha damu.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 mashine hiyo haikuwa na msaada mkubwa kwa mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa. Kila akiunganishwa, mshipa uliharibika, na mishipa ya kutumia ina mwisho. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner na wenzake walitengeneza kijimrija kinachobaki mkononi mwa mgonjwa, kikiunganisha ateri na vena. Watu waliokuwa wakisubiri kufa wakaanza kuishi miaka. Mwaka 1962 kikafunguliwa kituo cha matibabu hayo, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi.

Madaktari wakachuja kwanza. Watoto hawakupokelewa, wala waliozidi miaka 45. Waliobaki bado walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo kamati ya watu saba ikapewa kazi ya kuchagua: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali ya jimbo, kiongozi wa wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Majina yao yalifichwa. Novemba 1962 jarida la Life likaeleza waliyokuwa wakiyaangalia: kazi ya mgonjwa, kipato, elimu, ndoa, wanaomtegemea, hata kama ni mtu wa kanisani.

Naona baadhi yenu mmekunja uso. Lakini hebu niambieni, kosa liko wapi?

Anayefuata nadharia ya matokeo anasema kitendo chema ni kile kinacholeta hali bora kwa jumla, kwa wote wanaoguswa. Jeremy Bentham, aliyeisimamisha fikra hii kwa maandishi mwaka 1789, hakuwa mtu wa kubagua. Mfuasi wake John Stuart Mill alimnukuu akitaka kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja, asiwepo wa kuhesabiwa zaidi ya mmoja. Ni usawa wa kupendeza. Sasa tazameni unavyofanya kazi ndani ya chumba cha kamati. Baba wa watoto watano haingii kwenye mizani peke yake, anaingia na watoto wake, kila mmoja akihesabiwa mmoja. Mseja asiye na ndugu anaingia akiwa peke yake. Mseja atashindwa kila mara, na hakuna aliyemdharau. Usawa wa kuhesabu ndio uliomnyima usawa wa nafasi.

Hilo ndilo linalonisumbua. Watu husema nadharia ya matokeo ni ya kikatili. Mimi sioni ukatili. Ninachoona ni hesabu isiyojua ikomee wapi. Ukishakubali kuhesabu miaka ambayo mgonjwa ataishi baada ya matibabu, nani atakuzuia kuhesabu kodi atakayolipa? Yote ni matokeo.

Immanuel Kant, mwenye nadharia ya wajibu, mwaka 1785 aliweka kizuizi: vitu vina bei, binadamu ana hadhi, na chenye hadhi hakina cha kulinganishwa nacho. Kutoka hapo unafika kwenye jibu ambalo mtaalamu wa maadili James Childress alilitetea mwaka 1970. Tiba ikishaonyesha nani anaweza kufaidika, waliobaki wapigiwe kura ya bahati, au aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza. Mseja na baba wa watano wakae kwenye chungu kimoja. Mimi nalikubali jibu hili, ila tusijidanganye. Neno “kufaidika” tayari ni matokeo. Bila hilo, kura ingeweza kumpa mashine mtu ambaye haitamsaidia chochote, na mwingine akafa akiangalia. Wafuasi wa wajibu nao huhesabu. Tofauti ni kwamba wao wana mahali pa kuacha.

Watetezi wa matokeo wana jibu lao, tena la akili. Wanasema tusipime kitendo kimoja kimoja, tupime kanuni. Kanuni inayoruhusu kamati kupima thamani ya watu itavunja imani kwa hospitali, kwa hiyo hesabu yenyewe inaikataza. Sawa. Na je, ikifanyika kwa siri isiyovuja, imani ikabaki palepale? Henry Sidgwick, mmoja wa watetezi hao, mwaka 1874 alikuwa mkweli kiasi cha kukiri kwamba kwa nadharia yake jambo linaweza kuwa halali kwa siri na lisiwe halali hadharani. Wakumbukeni wale saba waliofichwa majina.

Kuhusu nadharia ya hulka njema, ya Aristotle, nitasema machache, kwa sababu kwenye suala la nani apewe mashine nayo haisemi mengi. Nguvu yake iko kwenye kumtazama anayeamua. Wakosoaji waliona kamati inaelekea kuwachagua watu wanaofanana na wanakamati. Mtu mwenye busara angejishuku mapema.

Ila haki ya watu wa matokeo ni haki yao. Kura ya bahati ikishapigwa kwa uadilifu, mwenye kuridhika na wajibu anaweza kwenda kulala. Mfuasi wa Bentham hawezi, kwa sababu aliyekosa bado anakufa, na hilo ni tokeo. Yeye atauliza kwa nini mashine ni chache. Oktoba 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyofanya serikali igharamie usafishaji wa damu kwa karibu kila mwenye kuuhitaji, na kazi ya kuchagua kwa namna ile ikakosa sababu.

Lakini uhaba hurudi. Machi 2020, hospitali za Italia zilipofurika wagonjwa wa korona, chama cha madaktari wa wagonjwa mahututi kilitoa mapendekezo yaliyosema huenda ikabidi kuweka ukomo wa umri. Na hapo linazuka swali gumu kuliko la Seattle. Mgonjwa amekwishawekwa kwenye mashine ya kupumulia, anaendelea vibaya, kisha analetwa mwingine mwenye nafasi kubwa ya kupona. Kwa mtu wa matokeo, kumnyima mashine asiyekuwa nayo na kumwondolea aliye nayo ni jambo moja kama mwisho ni uleule. Madaktari wengi wanaona ni mambo mawili, na mimi niko upande wao, kwa masharti: aliyewekwa kwenye mashine aliahidiwa kitu. Kama aliambiwa tangu mwanzo kwamba ni majaribio ya siku kadhaa, kisha hali yake ipimwe upya, ahadi ni nyingine na kumwondoa kunaweza kuwa halali. Kama hakuambiwa, basi uzuri wa matokeo hautoshi kunipa ruhusa ya kuizima.

Najua kuna watakaopinga. Kipaza sauti kiko kwa mwenyekiti.