Tengeneza ngitili: miti na malisho ya kiangazi kwenye shamba moja

Mwangaluka, wafugaji wenzangu! Leo tuko Usukumani, mkoani Shinyanga, na kazi ni moja tu: kutengeneza ngitili. Ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zikianza, mifugo isiingie, nyasi na miti vikue, halafu kinafunguliwa kiangazi kikikaza. Wazee walikuwa nazo toka zamani. Baadaye miti ikafyekwa ili kumaliza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mpaka mkoa ukabandikwa jina la Jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Ulipofika mwisho mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na miti mingi humo ilichipua yenyewe. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya miche, nisikilize kwanza.

Anza na eneo. Ekari tatu au nne karibu na nyumbani zinatosha kujifunzia. Usiangalie nyasi, angalia chini. Unaona haya machipukizi yanayofika gotini, yaliyoliwa na mbuzi mpaka yamekuwa kama ufagio? Watu wanayaita kichaka, wanayafyeka kila mwaka. Fukua kidogo kwa jembe hapa... umeona? Kisiki cha mgunga, kinene kuliko paja, mizizi yake ilishashuka kwenye unyevu siku nyingi. Mche wa kununua utahangaika miaka kuifikia mizizi hiyo, tena kwa maji ya ndoo.

Sasa mipaka. Waite majirani mzunguke nao, na jambo lifike kwenye serikali ya kijiji liandikwe. Huku dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndiyo inayokaa na kupanga faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, wanaifuatilia. Hilo usiliruke, maana ng'ombe wa jirani akiingia mwezi wa pili, kazi yote imekwenda. Kwenye mpaka chomeka vipande vya minyaa, vinashika hata mvua ikiwa haba. Vikate mapema uviache kivulini siku chache vikauke jeraha. Na angalia macho! Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, si mchezo. Watoto wakae mbali.

Tuje kwenye kisiki hai, yaani kulea machipukizi ya kisiki badala ya kupanda mche, hapa naomba tutulie. Fanya kazi hii kiangazi. Chagua kisiki, hesabu machipukizi, bakiza matatu yaliyonyooka na yenye afya, yaliyoachana nafasi. Mengine yote kata usawa wa kisiki. Kisha pogolea yale uliyobakiza: ondoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, usizidishe, mti unakula kwa majani. Tazama mkono wangu. Panga naanza nalo chini ya tawi, nakata kidogo kwenda juu, halafu ndiyo namalizia kutoka juu. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, tawi linaanguka na ganda linachanika mpaka kwenye shina, na wadudu wanapata mlango. Ukimaliza, funga kitambaa chekundu ili kila anayepita ajue mti huu una mwenyewe. Matawi uliyokata ni kuni. Ya miiba yazungushie chipukizi changa.

Usibakize mgunga peke yake. Mkole ng'ombe anaupenda, mkwaju unakupa matunda na kivuli. Ila miti isibanane mpaka vivuli vigusane kila mahali, nyasi zitakosa jua.

Nyasi zikishakauka, safisha barabara ya moto kuzunguka eneo lote, upana wa mita nne au tano, ibaki udongo mtupu. Moto mmoja wa anayewinda panya unatosha kukurudisha nyuma.

Mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, funga. Hakuna cha "ndama mmoja tu". Ukitaka kuongeza lusina, mti wa malisho, pembeni, panda wakati huu, ila majani yake yasizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe au mbuzi, na punda usimpe kabisa. Yana sumu inayonyonyoa manyoya.

Kufungua ni mwezi wa saba au wa nane, malisho ya nje yakiisha. Mimi siamini kumwaga kundi zima siku moja. Gawa ngitili vipande, watangulie ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na wagonjwa, na maksai uwabakizie kipande cha kuwatia nguvu kabla ya kulima. Nyasi zikibaki kimo cha kiganja, hamia kipande kingine. Mbuzi wasubiri mpaka machipukizi yawapite kimo hata wakisimama kwa miguu ya nyuma, na hiyo ni miaka. Kwa sasa wapelekee makokwa ya mgunga, yale maganda yenye mbegu, zizini: yakikauka tikisa matawi kwa mti mrefu wenye ndoano, kusanya kwenye magunia, twanga, uwape jioni. Yasipotwangwa, mbegu nyingi zinapita nzima kwenye kinyesi, basi samadi hiyo mwage ndani ya ngitili kabla mvua hazijarudi, nawe ukague minyaa, uzibe matundu, ufunge tena.