Namna ya Kupanga Rangi na Mwanga katika Banda la Nguruwe

Karibuni, ndugu wafugaji. Video hii inaelekeza namna ya kupaka rangi na kufunga taa katika banda la matofali na mabati, kama yale yanayojengwa Mbeya au Kiambu. Kabla ya kununua kopo lolote la rangi, fahamuni kwamba jicho la nguruwe lina aina 2 tu za chembe zinazopokea rangi, ilhali la binadamu lina 3. Bluu huitambua vizuri, lakini nyekundu kwake hukaribia giza. Kwa hiyo rangi ya ukuta haimkuzi kwa uzuri wake, bali humfikia kwa njia ya mwanga na joto.

Anza na paa, kwa sababu hapo ndipo faida ilipo kubwa. Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho. Joto likizidi hupunguza kula, na anayekula kidogo hakui. Bati lenye kutu hunyonya joto la jua, kwa hiyo lipakwe rangi nyeupe au chokaa upande wa juu kabla ya kiangazi. Chokaa huoshwa na mvua, hivyo irudiwe kila mwaka.

Hatua ya pili ni kuta za ndani. Watoe nguruwe, osha, paka chokaa, kisha usiwarudishe mpaka ikauke kabisa, kwani chokaa mbichi huunguza ngozi na macho. Ukuta mweupe husambaza mwanga hadi pembeni, na dalili za kuhara huonekana mapema.

Sasa tupange mwanga wa mchana. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai angalau laksi 40 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa saa 8 kila siku, na programu ya simu ya kupima mwanga inaweza kukupa makadirio ukiishika simu usawa wa kichwa cha mnyama. Hata hivyo, usimulike kila kona: nguruwe hupenda kulala penye giza kiasi na kujisaidia penye mwanga, kwa hiyo malalo yawe upande uliofunikwa. Jua kali lisiwapige moja kwa moja nguruwe weupe, maana ngozi yao huungua.

Taa za usiku ndizo zinazopoteza fedha za wafugaji wengi. Nguruwe wa kunenepesha hawazihitaji. Jike anayenyonyesha ni tofauti: katika baadhi ya majaribio, mwanga wa saa 16 kwa siku uliongeza maziwa na uzito wa watoto. Kwa kuwa mchana wetu ni wa saa 12 hivi, washa taa tangu machweo hadi saa 4:30 usiku, kila siku kwa wakati uleule, kisha uwaachie giza.

Mwisho, taa nyekundu ya watoto wa nguruwe ni ya kuwapa joto. Ining'inizwe kwa mnyororo, kamwe si kwa waya wake, na nyaya zote ziwe mbali na meno yao. Watoto wakirundikana, ishushe kidogo, wakiikimbia, ipandishe.